Udongo Ndani ya Tairi

Kila Jumamosi Fancy alichuma chai na mamake, Jerusa, kisha wakaipeleka kwenye mizani ya kituo cha kununulia chai karibu na Sosiot. Jumamosi hii mizani ilikuwa imeazimwa kupimia tairi kuukuu. Kikundi cha akina mama, ambacho Jerusa alikuwa mwenyekiti wake, kilitaka mashine ya kusaga tairi ili kitengeneze mikeka ya kulalia ng'ombe. Injinia Omwenga, mwenye mashine, alikuwa ameileta kituoni na kutoa sharti moja: wamwonyeshe kilo mia tano za tairi, ndipo atie sahihi mkataba wa kuwapa.

Mizani ilisoma mia tano na tatu. Wanawake wakashangilia. Fancy peke yake alinyamaza, maana alijua siri ya uzito ule.

Alikuwa ametumwa kukusanya tairi kumi. Kwa uvivu akaleta sita, muda uliobaki akacheza. Kisha akakumbuka ujanja wa wachumaji wanaomwagia majani maji ili yawe mazito. Basi akashindilia udongo na kokoto ndani ya tairi zake.

"Sasa tuijaribu," Omwenga alisema, akiwasha mashine. "Lakini visu hivi havitaki mawe. Kimoja kikivunjika, hakuna biashara tena."

Fancy alibanwa pande zote. Akisema, mamake ataaibika mbele ya kikundi. Akinyamaza, mashine itaharibika. Alitamani ardhi immeze. Jirani yao Moureen alikuwa ameshainua tairi ya kwanza, mojawapo ya zile za Fancy.

"Usiweke!" Fancy alilia. "Ziko na mawe! Ni mimi niliweka!"

Mashine ikazimwa. Jerusa alipokung'uta tairi ile, kokoto zilimwagika miguuni pake.

"Ati umefanya nini, Fancy? Mbele ya mgeni?"

Tairi zilisafishwa, zikapimwa tena: mia nne na sitini.

"Nitangoja hadi jioni tu," Omwenga alisema.

Fancy alichukua toroli. Alizunguka gereji zote za sokoni, akasukuma tairi mlimani mara tano, viganja vikachubuka. Saa kumi na moja mizani ilifika mia tano, na Omwenga akatia sahihi.

Jerusa aliviosha viganja vya bintiye polepole.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Mizani uliidanganya, lakini kisu hakidanganyiki. Leo umesema ukweli tukiwa tayari tumeushangilia uongo. Siku nyingine, mwanangu, anza nao."