Mita Iliyong'olewa

"Punguza mwendo, mpenzi. Betri inakata roho."

Sauti ya Kapteni ilimjia Sindano kwenye redio ya helmeti, tamu kama siku zote. Jua liliwaka utosini, paneli za sola juu ya gari zikilifyonza, na mstari wa kumalizia ulishaonekana. Nyuma, gari jekundu la chuo pinzani lilikuwa linakuja mbio.

"Kapteni, wananipita!"

"Waache wapite. Ukizimika njiani tumekwisha. Huniamini?"

Alimwamini, tena kwa moyo mweupe. Mita ya betri aliing'oa Kapteni mwenyewe, eti kupunguza uzito. Dereva akabaki akitegemea sauti ya mchumba wake, aliyesoma vipimo vya betri kwa mbali, akiwa kwenye gari la timu lililomfuata nyuma. Sindano akalegeza mguu. Gari jekundu likampita, likachukua kombe.

Alitoka garini ameloa jasho, helmeti kwapani, machozi yanamlengalenga. Kapteni akamkumbatia.

"Pole, mama. Betri imetuangusha."

Nyaya, mwanafunzi mwenzao wa umeme, alikuwa ameinamia betri na kipimo mkononi.

"Sindano, njoo uone."

"Nini tena?"

"Betri iko zaidi ya nusu. Ungekanyaga mpaka mwisho na chaji ingebaki!"

Sindano akamgeukia Kapteni taratibu.

"Wewe ulikuwa unasoma nini?"

"Mitambo... mitambo ilinidanganya."

Simu ikalia mkononi mwa Kapteni. Sindano akaipokonya kabla hajaifunika. Ujumbe ulitoka kwa dereva wa gari jekundu: "Asante mpenzi. Sasa nimeamini unanipenda mimi, si yeye. Leo mwambie ukweli."

"Haya, niambie."

"Nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza njia nzima! Mama yangu ameshawaita shangazi zangu kupanga harusi. Niwaambie nini? Kwamba mwanaume wangu kaniuza mchana kweupe, mbele ya timu nzima?"

"Nilijikuta nimependa kotekote. Sikujua nitatokaje."

"Ungetoka kwa mdomo huohuo uliosema punguza."

Kapteni akainamisha kichwa. Wenzao walikuwa wameshaacha kufunga vifaa, wanamtazama tu. Ilimuuma Sindano, lakini wacha iume. Akamsukumia Kapteni helmeti kifuani.

"Mpelekee mwenzangu. Mwambie sauti yako ni tamu kweli, ila mita yake asikubali uing'oe."