Mtoto Aliyetangazwa Msikitini

Kila asubuhi Mzee Bashir alifungua duka lake Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. Aliuza sukari, mchele na sabuni. Maneno aliyatoa bure.

"Sisi ni watu wa heshima," aliwaambia wateja. "Babu yangu alitoka pwani na mzigo wa vitambaa. Hakuna wa kwetu aliyewahi kushika cha mtu."

Halafu mwanawe Junaid akashika.

Ilikuwa hivi. Junaid alimaliza shule, akatafuta kazi, akakosa. Siku moja hoteli fulani ikamwita kwa mahojiano ya kazi. Ndala zake zilikuwa zimekatika. Baada ya sala ya adhuhuri aliona viatu vyeusi mlangoni mwa msikiti. Akavivaa, akaenda. Kazi hakupata. Jioni roho ikamsuta. Akavirudisha kwa mwenyewe, fundi cherehani mmoja mpole, na kuomba radhi. Fundi akamkaripia, kisha akamsamehe.

Mambo yangeisha hapo. Lakini habari zilimfikia Mzee Bashir, naye alitaka watu wajue kwamba yeye hafichi uovu, hata wa mwanawe. Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya msikiti mzima.

"Mwanangu Junaid ameiba viatu. Jihadharini naye."

"Mashallah!" watu wakasema. "Huyu ndiye baba mwadilifu!"

Baba akapata sifa. Mtoto akapata jina.

Tangu siku hiyo, Junaid akiingia msikitini, watu waliingia na viatu vyao, wamevikumbatia kama watoto wachanga. Nyumbani kwao Kisugu, akipita tu, simu zilitoweka mezani. Kuku wa jirani akipotea, macho yote yalikuwa kwa Junaid. Kuku akirudi mwenyewe, hakuna aliyeomba msamaha. Hata kuku hakuomba.

Asubuhi moja Rashidah, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akapiga kelele.

"Banange! Mtungi wangu wa gesi! Mwizi!"

Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Watu walimkuta Junaid uani, anafua shati. Mmoja alishika fimbo, mwingine tofali. Zahara, mama yake Junaid, akajitupa mbele yao.

"Jamani, mwanangu hajatoka hapa tangu alfajiri!"

"Baba yake mwenyewe alituambia," akajibu mwenye tofali. "Wewe unamjua kuliko baba yake?"

Akaliinua tofali. Hapo akatokea Okot, askari polisi aliyepanga nyumba ya pili. Alivaa suruali ya kazi na fulana ya ndani.

"Rudini nyuma wote!" akafoka. "Nani ameona huyu kijana anabeba mtungi? Anyoshe mkono!"

Hakuna mkono ulionyoshwa. Mara bodaboda ikaingia. Nyuma ya dereva alikaa Fadhul, mume wa Rashidah, na mtungi mapajani.

"Kuna nini? Mimi nimetoka kubadilisha gesi."

Mwenye tofali akalitua chini polepole.

"Sawa," alisema. "Lakini huyu naye angeiba siku nyingine."

Watu wakacheka, wakaenda kunywa chai.

Junaid hakucheka. Alilivaa shati lile lile, bado linachuruzika maji. Akatia nguo zake kwenye mfuko.

"Unaenda wapi?" Zahara akauliza.

"Wandegeya, kwa Travis."

Travis alijulikana. Alikuwa akinyakua simu za wanafunzi na kuziuza.

"Kwa mwizi, Junaid?"

"Mama, leo nimekaribia kupigwa kipigo cha mwizi bure. Bora nikipate nikiwa nimekula."

Akaondoka. Zahara akamkimbilia Alal, mke wa Okot. Alal ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na kazi yake ni kuwasaidia vijana waliotoka kifungoni. Wakaenda pamoja dukani Kansanga.

"Mzee Bashir," Alal akaanza, "mtoto wako amekwenda kuwa mwizi."

"Amekwenda? Si alishakuwa!"

"Hapana. Alifanya kosa. Kufanya kosa na kuwa mwizi ni vitu viwili. Hiyo mizani yako, mzee, haijawahi kuegemea upande wako?"

Mzee Bashir akakohoa. Akatafuta kitambaa, akapangusa mizani isiyo na vumbi.

"Sasa nisikilize," Alal akasema. "Watu wanaosoma tabia za jamii wameliona jambo hili mahali pengi. Kosa la kwanza lina sababu nyingi: shida, tamaa, marafiki. Lakini mtu mkimwita mwizi kila siku, kazi hapati, rafiki hapati, hata salamu hapati. Anabaki na wezi, kwa kuwa hao tu ndio wanaomkaribisha. Kosa la pili tunampikia sisi, tukampakulia."

"Kwa hiyo watu waibe, sisi tuwapigie makofi?"

"Nani kasema? Aibu ni dawa, na dawa ina kipimo. Mwambie mtu, 'Umefanya vibaya. Rudisha, omba radhi.' Akishafanya hivyo, mrudishe kwenye watu. Wewe ulimwambia, 'Wewe ni mbaya,' na hukumwambia hilo litaisha lini."

"Na polisi wapo kwa nini?"

"Mume wangu ni polisi. Hawezi kukaa mlangoni kwa kila mtu. Watu wengi hawaibi kwa sababu wana kitu wanachoogopa kukipoteza: mama, kazi, heshima mbele ya wenzao. Wewe Junaid umemwachia nini cha kupoteza?"

Mzee Bashir akawatoa wateja. Akafunga duka mchana kweupe. Akapanda bodaboda kwenda Wandegeya.

Alimkuta Junaid ameketi na Travis kwenye ngazi, nyuma ya maduka ya fotokopi. Wanafunzi walipita mbele yao, simu mikononi.

"Mwanangu, nimekosa," alisema. "Nisamehe. Twende nyumbani."

Junaid akachungulia nyuma ya baba yake.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kunitukana ulihitaji msikiti mzima. Kuniomba radhi unakuja peke yako, huku uchochoroni?"

Travis akacheka. "Mzee, vumilia. Baba yangu mimi hajawahi kufika hapa hata kwa kupotea njia."

Mzee Bashir akainamisha kichwa. "Basi njoo msikitini Ijumaa. Na hadi siku hiyo, usiguse cha mtu."

"Sijagusa," Junaid akasema. "Ila wewe hujawahi kuniuliza."

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Bashir alisimama. Akamtafuta mwanawe kwa macho. Junaid alikuwa safu ya nyuma.

"Mwanangu alichukua viatu," alisema. "Alivirudisha siku ile ile, akasamehewa. Hilo niliwaficha, kwa sababu nilitaka sifa. Kosa lake limekwisha. Langu ndilo lililokaribia kumuua. Mwenye shutuma juu yake aje na ushahidi, kwangu au kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu. Asije na tofali."

Safari hii hakuna aliyesema mashallah. Lakini yule fundi cherehani alisimama, akaenda safu ya nyuma, akampa Junaid mkono mbele ya wote.

Sasa Junaid anauza dukani Kansanga. Kisugu, mtaani kwao, mwenyekiti ameweka utaratibu: aliyepotelewa na kitu aende kwake kwanza, kabla ya kupiga kelele. Kijana mwingine alikamatwa na baiskeli ya watu. Alirudisha, akaomba radhi, akafagia soko mwezi mzima kama adhabu, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kuuza chapati. Watu wananunua.

Junaid na baba yake huzungumza habari za sukari na mchele. Mengine bado.

Juzi Rashidah alikuja kununua unga. Akatabasamu hadi magego.

"Mimi, Junaid, siku zote nilijua wewe ni mtoto mzuri."

Junaid akaufunga unga vizuri, akampa kwa mikono miwili.

"Ulijua, mama," alisema. "Ila siku ile ulijua kimyakimya sana."