Kesho Tatu za Dobi

Baba Mita alisema ameliona kwa macho yake mawili. Alikuwa jirani wa akina Chiriku, na kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, kwa hiyo habari hazikumpita. Huko mtaa wa juu, alisema, limefunguliwa duka la kufulia lisilo na karai wala kamba. Unaingia na furushi lako, unalitia kwenye mashine yenye mlango wa kioo, unakaa kitini, unaletewa chai. Hujamaliza kikombe, nguo zimefuliwa, zimekamuliwa na zimekauka.

"Na madobi wa mtaa ule?" aliuliza Chiriku.

"Wametoweka! Ukimtafuta dobi kule leo, hata wa dawa humpati," alisema Baba Mita. "Na huku linakuja. Nimewaona wakipima chumba pale kando ya duka la dawa."

Mama, aliyekuwa akisuuza shuka, hakuinua kichwa. "Baba Mita, mita umeshaisoma?"

"Nimeisoma."

"Basi yatosha. Usitusomee na mengine."

Baba Mita akacheka, akaenda zake. Lakini maneno yake yalibaki na Chiriku pale barazani, alipokaa na sindano mkononi.

Chiriku alikuwa darasa la sita. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza tena. Mama yake alikuwa dobi, na kila Jumamosi Chiriku alimsaidia kazi moja: kutia nyuzi. Kila mteja alikuwa na rangi yake. Muuguzi mkuu wa kliniki alikuwa na uzi wa kijani, mwokaji mikate alikuwa na mwekundu wenye mafundo mawili. Nguo ilipoingia, Chiriku aliipiga mshono mfupi ndani ya upindo. Ikishapigwa pasi, aliufungua uzi na kuiweka nguo kwenye furushi la mwenyewe. Ilikuwa kazi ya polepole, na ndiyo sababu watu walimwamini mama yake hata na nguo nyeupe ambazo zote zinafanana.

Wiki hiyo, mwalimu wa maarifa ya jamii aliwapa wanafunzi kazi ngeni.

"Kesho si moja," alisema. "Ziko nyingi, na hakuna aliyekwenda huko akarudi kutusimulia. Chagueni kazi inayofanyika nyumbani kwenu, mchore kesho zake tatu. Ile mnayoiogopa, ile mnayoitamani, na ile ambayo hakuna anayeitarajia. Kisha mjiulize: leo naona dalili gani? Na nifanye nini sasa, kitakachonifaa yoyote itakayokuja?"

Chiriku alichora mashine yenye mlango wa kioo, na kando yake mama amekalia karai lililopinduliwa, mikono mitupu.

"Nyingine mbili ziko wapi?" aliuliza mwalimu.

"Hakuna nyingine, mwalimu. Jirani yetu ameiona."

"Kwani jirani yenu mpiga ramli?" alidakia mvulana wa nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Umeniletea hofu yako, si vibaya. Lakini bado unadaiwa mbili. Nenda ukazitafute."

Chiriku hakuzitafuta. Alikwisha kuamua kwamba dawa ya mashine ni kasi. Mama akifua upesi kama mashine, nani atamkimbia?

Jumamosi iliyofuata mama aliitwa kumwona bibi, ambaye alikuwa anaumwa mgongo. "Tia nyuzi kwanza," aliagiza akiwa mlangoni. "Koti la mwokaji ulipanguse unga likiwa kavu. Ndipo uloweke. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia, lakini hakufanya. Nyuzi zingekula asubuhi nzima, na nguo hizi alizijua kama vidole vyake mwenyewe, au ndivyo alivyojiambia. Alizichukua nyeupe zote, akazimwagia maji ya moto kwa pamoja. Jua lilipokuwa juu ya paa, kamba zilikuwa zimejaa.

Mama aliporudi alisimama akashangaa. "Leo umekimbizwa na nini?"

"Nimefanya haraka tu."

Walipoketi kupiga pasi, mama alipapasa upindo wa koti. "Mbona hakuna uzi hapa?"

"Nimeshazifungua," Chiriku alijibu, macho yake yakiwa kwenye vifungo.

Mama akaendelea na pasi. Mafurushi yakafungwa.

Jumatatu jioni muuguzi mkuu alipiga hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, na mkononi alishika koti kubwa jeupe.

"Dobi, hili ni la nani? Nimelivaa asubuhi nikadhani nimekonda kwa usiku mmoja. Nilifurahi, mpaka nilipotia mkono mfukoni. Humu mna kitu kimeganda kama gundi!"

Kabla mama hajajibu, mwokaji aliingia uani akitembea kama mtu aliyefungwa kamba. Koti alilovaa lilimbana kifuani, na vifungo viwili vilikuwa vimeng'oka.

"Mama, mimi najua mkate ndio unaoumuka," alisema. "Sasa wateja wananiuliza kama amira nimekunywa mimi!"

Mama alitabasamu kidogo, lakini muuguzi alibaki vile vile.

"Dobi, tuliangalie vizuri jambo hili. Koti la wodini limekwenda kwenye mikate, na la mikate limekuja wodini. Kliniki si mahali pa kubahatisha. Kama mambo yamekuwa hivi, nguo zetu zote nitazipeleka kwingine."

Nguo za kliniki ndizo zilizokuwa kazi kubwa ya nyumba ile. Chiriku aliuona uso wa mama ukibadilika. Mama alikuwa anajiandaa kuomba radhi kwa kosa asilolijua.

"Si mama!" alisema. "Ni mimi. Sikutia nyuzi. Halafu nikamdanganya kwamba nimeshazifungua."

Mama alimsogelea.

"Kwa nini?" aliuliza mama.

Yote yakamtoka: duka la kioo, madobi waliotoweka, kazi ya mwalimu ya kesho tatu, mchoro wa karai lililopinduliwa. "Niliogopa watu watakuacha, mama. Nikataka tuwe na kasi kama mashine."

Muuguzi aliketi kwenye ukingo wa baraza. "Kumbe ulitaka kumwokoa mama yako, ukaanza kwa kumtoa kazini. Na hizo kesho nyingine mbili?"

"Sikuzichora."

Mama alifuta mikono kwenye kanga yake. "Basi tuzitafute wote, maana wateja wenyewe wako hapa. Niambieni kweli bila kunionea haya. Mashine ikija, mtakwenda?"

"Siku za mvua nitakwenda," alisema muuguzi. "Nguo zako hazikauki, nasi tunakaa tunasubiri. Lakini doa la dawa nitalileta kwako. Hilo linataka mkono na subira, na nataka kujua koti langu linarudi kwangu."

"Mimi shemeji yangu anayo mashine," alisema mwokaji. "Nilitia koti langu lilivyo, na unga wake. Lilitoka limekakamaa, ungeweza kulisimamisha mlangoni likalinda nyumba!"

Baba Mita, aliyesikia vicheko, alikuwa ameshachungulia juu ya ukuta.

"Baba Mita," mama aliita, "lile duka uliingia ndani?"

"Niingie nina furushi gani? Nilitazama kwenye kioo."

"Na madobi, uliwauliza walikokwenda?"

Baba Mita akajikuna kidevu. "Nilipita kwenye kamba zao, sikuwaona. Ila sasa unavyoniuliza... mle ndani palikuwa na mtu anapiga pasi. Sikumtazama usoni."

Chiriku aliduwaa. Dobi ndani ya duka la mashine! Hilo hakulifikiria kabisa.

Mama alimgeukia. "Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, na hukukosea kuliona wingu. Umekosea kutazama moja tu. Dobi kabla hajaanika huitazama mbingu yote, huuliza upepo unatoka wapi, ndipo anachagua kamba. Jambo linalokuja usilikimbie wala usilikimbilie. Lichunguze, waulize watu, na kazi ya leo uifanye kama inavyotakiwa. Hiyo itakufaa kesho yoyote. Na hofu yako niletee mimi. Usiifiche kwa uongo."

"Nisamehe, mama. Na nyinyi mnisamehe."

Makoti yalifuliwa upya, kila moja na uzi wake, na vifungo vikarudishwa. Muuguzi alipokagua furushi la kliniki, alilitia begani akasema, "Wiki ijayo nitaleta kama kawaida." Siku za mawingu, mama alianza kufua nguo za kliniki kwanza, asubuhi na mapema, ili ziwahi jua. Chiriku naye alimpelekea mwalimu kesho zote tatu: ya karai lililopinduliwa, ya wateja wanaomletea mama madoa magumu, na ya dobi anayepiga pasi ndani ya duka la mashine.

Chumba kile kando ya duka la dawa kilipofunguliwa milango, mama alivaa vizuri, akamshika Chiriku mkono, wakaenda. Mwenye duka, dada mmoja mwenye miwani, alikuwa akijaribu mashine zake. Juu ya meza palikuwa na mlima wa mashati makavu, yote yamekunjamana kama majani ya kabichi.

"Karibuni. Bado hatujaanza kupokea nguo."

"Ahsante, dada. Mimi ndiye dobi wa mtaa wa nyuma hapa," alisema mama kwa utulivu. "Sikuja kugombana. Mashine zako zinafua na kukausha, nimeona. Mimi najua madoa, najua pasi, na nguo ya mtu haipotei kwangu. Naomba unipe meza moja humu ndani niwahudumie wateja wako, nawe unifundishe kuziendesha hizi."

Yule dada aliinua shati moja kutoka kwenye mlima, akalitazama mbele na nyuma. Kisha akamtazama mama, akampa lile shati na kusema, "Pasi ile pale. Hebu tuanze na hili."