Maumivu ya Jivu

Zulia chini ya meza ya kompyuta lilikuwa na joto. Mjane aliligusa tena kwa kiganja. Palikuwa na bonde, kama mahali alipolala mnyama, na nyumba ile haikuwahi kufuga hata paka.

Alisema bismillahi, akaketi, akaufungua mchezo wa marehemu mumewe.

Katika mchezo ule mumewe alikuwa mwitaji, mtu asiyepigana kwa mkono wake bali huita mnyama ampiganie. Mnyama wake alikuwa mbwa mwitu, jina lake Jivu. Kila alipoitwa, spika zilitoa mluzi, na mluzi ule marehemu aliurekodi kwa kinywa chake mwenyewe. Hakumwachia mkewe na binti yao sauti nyingine. Lakini Jivu alikuwa amebakiza uhai mmoja. Akifa sasa hataitika tena, na mluzi utakwenda naye.

"Shemeji, mbwa wako anakimbilia vita kama mtu aliyeitwa kula," mdogo wa marehemu alimtania siku aliyokuja kumfundisha. "Mvalishe deraya. Mwite nyuma akianza kuchechemea. Mwongezee ustahimilivu kwanza, meno baadaye."

"Na hii hapa?" mjane aliuliza, akigusa uwezo mmoja kwenye kioo.

"Mzigo kwa Mwitaji? Mnyama akipigwa, anaumia mwitaji. Achana nayo hiyo. Ukishaichagua haifutiki."

Mjane aliyasoma tena maneno yale. Mwitaji ni mumewe. Na aliyelala kaburini, ni kipi tena kitakachomuuma? Shemeji alipoaga, akaichagua.

Tangu hapo Jivu alikula mapigo bila kuyumba. Mjane alimshukuru Mungu, hata akamsomea dua ya kinga, ile ile aliyomsomea mwanawe kabla ya kulala. Nyumba ikaanza kunuka manyoya mabichi. Akiwa jikoni mchana alisikia kucha zikitembea juu ya saruji, tk, tk, zikakoma nyuma ya visigino vyake.

Kisha alasiri moja jitu lenye shoka lilimpiga Jivu begani. Jivu hakutikisika. Chumbani, binti yake alipiga yowe.

Walimwita Kibogoyo, kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yamemtoka. Mama alimkuta amejikunja kitandani, fulana imelowa damu, bega limepasuka mahali pale pale, na alipokuwa amemkumbatia akisoma kila aya iliyomjia, alisikia kule sebuleni shoka likishuka tena ingawa hakuna aliyeketi pale, na mtoto akaruka mikononi mwake, na ndipo alipoelewa, kwa baridi iliyompanda toka nyayoni, kwamba mzigo ulimtafuta mwitaji ukamkosa, ukashukia damu yake aliyoiacha duniani.

Shemeji alikuja akihema. Walifunga jeraha, wakasogea mezani, wakanong'ona.

"Mrudishe alikotoka, shemeji."

"Nimemwamuru. Hasikii."

"Basi mwache afe."

"Hafi huyu mpaka mwanangu atangulie. Nimemtengeneza kwa mikono yangu."

Shemeji alisoma Ayatul Kursiy, akainama, akachomoa waya ukutani.

Feni ya kompyuta ilinyamaza. Kioo kikaendelea kuwaka. Jivu akageuza kichwa taratibu, akawatazama wao, na nyuma yake, nje ya lango la ngome mle mchezoni, majitu yalikuwa yakikusanyika, mengi kuliko yalivyowahi kuja.

"Shemeji," mwanamume alinong'ona, ameushika waya mkononi, "hiki kinakula umeme wa wapi?"

Mluzi ukasikika. Haukutoka kwenye spika.

Waligeuka. Kibogoyo alikuwa amesimama mlangoni, mweupe kama sanda, amekunja midomo juu ya ufizi mtupu, yeye ambaye hata mshumaa ulimshinda kuuzima, na mluzi wa baba yake ulimtoka mrefu, safi, bila kukatika. Chini ya meza, mkia ulipiga zulia. Du. Du. Du.

"Mama," mtoto alisema, "baba anasema ukae. Wanakuja."

Mjane aliutazama mlango wa nje. Kisha akalitazama bega la mwanawe, damu ikianza upya kupenya kitambaa. Pigo lisilompata Jivu halitampata mtoto.

Akavuta kiti, akashika kipanya.