Mazoezi Siachi

Mariyamu anauza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, sokoni Rumonge. Kila asubuhi huzinunua ufukweni, kisha hupanda nazo mlima hadi sokoni. Mwaka huu alianza kuishiwa pumzi njiani. Muganga alimpima, akakuta presha imepanda kidogo.

"Fanya mazoezi, mama," alimwambia.

Mariyamu aliona aibu kukimbia barabarani. Akaazima simu ya binti yake, Raisa, akachagua video iliyotazamwa na watu wengi. Msichana mwembamba aliruka, akachuchumaa, akaruka tena. Mariyamu alimfuata. Ghafla goti likamchoma, akaanguka.

"Acha, Mama Raisa," alisema mumewe, Nasiri. "Hayo ni mambo ya vijana."

Mama mkwe alicheka. "Mwanamke mzima anaruka kama chura!"

Mariyamu aliinuka akichechemea. "Video hiyo nitaiacha," alisema. "Mazoezi siachi."

Goti lilipopona, alikwenda kwa jirani yake Elda, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya, akamweleza kuhusu ile video.

"Elda, niambie kweli. Mimi iko muzee sana kwa mazoezi?"

"Hapana, dada. Video ile ni ya mtu aliyezoea. Wewe unaanza."

"Sasa nitajuaje iliyo yangu?"

"Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya wanaoanza. Halafu itazame yote kabla hujaifuata. Mwalimu anaanza polepole, mwili upate moto? Anaonyesha njia nyepesi kwa mwenye goti bovu? Kama hapana, ipite."

Walipata moja, wakaijaribu. Katikati Elda aliuliza, "Ndagala za leo zilikuwaje?"

Mariyamu alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Basi hii bado ni nzito kwako," alisema Elda. "Uheme, lakini uweze kuongea."

Wakafungua nyingine. Mwalimu alishika kiti, akainua miguu taratibu.

"Ndagala zilikuwa chache," alisema Mariyamu huku akifuata. "Usiku mwezi unawaka sana, taa za wavuvi hazizivuti."

"Hii ndiyo yako! Ukiizoea, chagua iliyo nzito kidogo zaidi. Kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, simama, uende kwa muganga."

"Murakoze, Elda," Mariyamu alishukuru.

Jioni hiyo Mariyamu alivuta kiti sebuleni.

"Hicho ni kiti cha wageni!" mama mkwe alipiga kelele.

"Leo mgeni ni mimi, mama," Mariyamu alijibu, akafungua video.

Watu wa nyumbani walicheka. Yeye aliendelea. Video ya kiti ilipokuwa rahisi, alichukua ya kutembea mahali pamoja. Miezi ilipita. Muganga alimpima tena, akatabasamu: presha ilikuwa imeshuka.

Asubuhi moja Nasiri alimsindikiza kutoka ufukweni. Mariyamu alikuwa na beseni kichwani. Nasiri hakubeba kitu. Katikati ya mlima alisimama, akashika kiuno.

"Mama Raisa, ningoje!"

"Nitakungoja sokoni," alisema Mariyamu, akaendelea kupanda.