Aliyeiba Dawa Pamoja na Barafu

Friji ilikuwa wazi. Ndani mlibaki nyanya mbili na jagi la maji. Boksi la sindano aliloleta muuguzi jana yake halikuwamo.

Inspekta, ambaye askari wenzake walimwita Mama Ngoja, alichuchumaa akakagua. Kitasa cha mlango wa nyumba hakikuvunjwa. Nyuma yake afisa wa posho za walemavu alikuwa hafungi mdomo.

"Mwaka mzima anakataa tiba, huku anadai posho! Tulimwambia, asiyetibiwa hapewi. Jana kakubali, leo dawa hamna. Kaificha mwenyewe. Kesho nafunga jalada lake."

"Ngoja kwanza."

Mgonjwa, fundi cherehani, alikaa kitandani, vidole vimevimba na kupinda kwa baridi yabisi.

"Nilikataa kweli," alisema. "Mume wangu alisema zinaua figo. Lakini safari hii nilizitaka, dada. Nimechoka kuwa mzigo."

"Na vifuko vya barafu alivyoacha muuguzi, viko wapi?"

"Si vilikuwa humo humo?"

"Havimo." Inspekta alifunga friji. "Mtu akitaka kuharibu dawa, anaitupa. Huyu kaibeba na ubaridi wake. Mwizi huyu anakupenda."

Mume alikuwa buchani kwake, mtaa wa pili, akikata mbavu. Alimpokea Inspekta kwa bashasha tele, na Mama Ngoja hakuwahi kumwamini mtu anayefurahia kuona polisi.

"Fungua friza, shemeji."

"Mna maini tu."

"Nayapenda maini."

Chini ya maini palikuwa na boksi la sindano na vile vifuko vya barafu, limeganda kama jiwe. Inspekta alilipangusa, akamwonyesha maandishi mekundu: Isigandishwe.

"Umeziharibu."

Mwenye bucha aliduwaa. "Si zinataka baridi? Mimi nilizitunza! Ningempa tu, moyo wangu ukishatulia."

"Moyo una nini?"

Aliweka kisu mezani.

"Wivu, afande. Kule alikoshona, mwenye duka alikuwa akimchekesha. Mke wangu akirudi jioni bado anacheka, na mimi hapa nanuka damu ya ng'ombe. Alipougua, akawa wangu peke yangu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Habari ya figo niliitunga mimi."

Alirudishwa nyumbani na pingu mikononi, akayarudia yote mbele ya mkewe. Afisa wa posho alitazama viatu vyake, akanong'ona kwamba jalada litasubiri.

Mke hakulia.

"Ungeniuliza," alisema. "Yule nilicheka naye kwa kuwa ndiye aliyenilipa mshahara. Wewe nilikuwa nacheka nawe bure."

Akainuka kwa taabu, akavuta gauni la kutokea, akalivaa. Alitaka hospitali, na alitaka sasa hivi. Vidole vyake vilihangaika na kifungo cha kwanza, kikamshinda. Mumewe, kwa mazoea ya kila asubuhi, alinyoosha mikono yenye pingu amfungie.

Mke akampa mgongo.

"Nisaidie wewe, dada," alimwambia Inspekta.