Jina la Kipa

Geti la uwanja lilifurika siku ile mashindano ya sekondari yalipoanza, na dada mmoja mshona jezi alikuwa anabishana na bawabu. Gauni lake la njano limelowa jasho, kifuani kakumbatia jezi zenye joto la pasi.

"Tiketi huna, huingii."

"Huyu yuko na mimi," akadakia fundi mmoja wa miwani, shati jeupe, mikono imekunjwa vizuri.

"Tangu lini?" dada akageuka.

"Tangu sasa hivi."

Akacheka. Mwanamke akishacheka getini, kazi iliyobaki ni ndogo.

Miezi miwili simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje nawe hujanipigia?" Jambo moja tu fundi alilificha: jukwaa la michezo mtandaoni lililosomwa na mji mzima, la mtu aliyejiita Kipenga, lilikuwa lake. Kipenga alikuwa na maadui wengi, na fundi alitaka kupendwa na kila mtu. Tabia mbaya hiyo.

Fainali ikaja, siku ya Jumamosi. Kipa wa kidato cha tatu, mdogo wake yule dada, akapitwa na mpira katikati ya miguu dakika ya mwisho, timu ikafungwa. Kabla jua halijazama, Kipenga alishaandika jina kamili la binti huyo, shule na darasa. Chini yake yakafuata matusi mia nne.

Jumatatu fundi alimkuta mpenzi wake dukani, cherehani kimya.

"Mdogo wangu kajifungia chumbani. Majaribio ya timu ya taifa ya vijana ni Alhamisi, anasema haendi ng'o. Huyo Kipenga nikimjua, nitamshona mdomo kwa mashine hii!"

"Kipenga ni mimi," fundi akasema.

Mkasi ulimponyoka dada mkononi.

"Naandika majina ili watoto waonekane," akajitetea. "Hata wewe unayachapa mgongoni!"

"La mgongoni akivua jezi limeondoka. La kwako atalivuaje? Ana miaka kumi na sita! Toka."

Alipiga simu mara kumi na tisa, haikupokelewa. Jumanne akaketi akafuta habari zote za miaka mitatu zenye jina la yule binti, akajiona ametubu. Jumatano asubuhi simu ikaita: namba ya mpenzi, sauti ya mdogo mtu.

"Shemeji, zile penalti tatu nilizodaka mwaka jana nazo umezifuta?"

"Nimefuta kila kitu, nilidhani..."

"Makocha wa taifa waliniita kwa sababu ya zile! Umeniandika bila kuniuliza, umenifuta bila kuniuliza. Na dada naye ni hivyo hivyo, anapigana vita yangu bila kuniuliza." Akavuta pumzi. "Rudisha mechi zangu zote, hata ile ya Jumamosi. Shule, darasa na matusi toa. Halafu andika jina lako."

"Langu?"

"Mimi mtoto najulikana, wewe mtu mzima umejificha. Ukiandika, kesho naenda."

Fundi akafungua jukwaa. Akaandika jina lake kamili, mtaa, duka, na kuomba radhi. Akaongeza kwamba mwanafunzi hatatajwa tena bila ridhaa yake na ya wazazi wake. Akabonyeza.

Saa haikupita. "Kumbe kipofu anauza miwani!" Mwingine akamtukania mama. Wateja wawili wakaja kudai fremu zao. Alisoma yote, neno kwa neno.

Alhamisi mchana dada aliingia dukani kwake, akasimama kaunta bila salamu.

"Ameenda. Kabeba glavu zake, hata chai hakumaliza."

"Na wewe?"

"Mimi bado nina hasira." Akachukua simu ya fundi, akasoma matusi, midomo ikicheza. "Inauma?"

"Inauma sana, mpenzi." Machozi yakamtoka, hakuyaficha.

"Vizuri. Nilitaka ujue." Akamfuta uso kwa kitambaa cha kusafishia miwani, mkono wake ukakawia shavuni. "Jumapili uje nyumbani umwombe msamaha mbele ya mama. La kunioa ulisemee hapo hapo. Na ole wako uliandike jukwaani kabla sijakuruhusu."